UZI: Ringi ya matundu 32, habu ya matundu 40, spoku za mchanganyiko. Gurudumu la nyuma litatoka?

Chombo_Tororo

Salaam mafundi. Vilivyopo mezani ni hivi:

- ringi ya chuma ya 28, matundu 32, haijaliwa na kutu ndani
- ringi nyingine ya 28, ya alumini, matundu 36, imetoka kwenye baiskeli ya mtumba ya Ulaya
- habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya chuma, matundu 40, ya friwili moja
- spoku kama 70 zilizofunguliwa kwenye magurudumu matatu: nene, nyembamba, ndefu, fupi

Fremu ni hii yetu ya kawaida ya mzigo, breki za vyuma (fito badala ya nyaya). Taya (tairi) ni 28 × 1½. Nianze na ringi ipi, na yale matundu 8 yanayozidi kwenye habu yanafanywaje? Kama spoku hizi zinatosha sitaki kununua seti mpya.

FundiRingi_Busia

Ringi ya alumini weka pembeni kabisa, ndugu. Hiyo si 28 ya taya yako. Neno "28" linabeba vipimo viwili tofauti na watu wanapoteza pesa kila siku kwa sababu hiyo. Taya ya 28 × 1½ ya baiskeli za mzigo inakaa kwenye ringi ya milimita 635. Baiskeli za mtumba za Ulaya zinazoitwa 28 zina ringi ya 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo: taya yako itaingia bila hata kutumia mkono, na ukijaza upepo itatoka. Angalia ubavuni mwa taya, namba imeandikwa kama 40-635. Ringi za mtumba nyingi nazo zimegongwa namba hiyo upande wa ndani. Zisipolingana hakuna ujanja.

Halafu breki. Breki za vyuma zinabana ringi kutoka chini, upande wa spoku, kwa hiyo zinahitaji ringi yenye mabega mawili ya mviringo kama ile ya chuma. Ringi ya alumini ina mbavu bapa kwa breki za kubana pembeni. Hata ingekuwa 635 isingekufaa.

Kwa hiyo ringi ni ile ya chuma. Kabla hujahesabu tundu hata moja, ilaze juu ya sakafu laini ya saruji au kioo, ubonyeze sehemu nne. Ikichezacheza zaidi ya milimita 3 au 4, itengeneze kwa mkono na goti kabla ya kuisuka. Spoku hazinyooshi ringi iliyopinda. Zinaivuta tu, na matokeo yake ni spoku moja kukaza kama waya wa stima na jirani yake kulegea.

DadaSpana_Lira

Matumizi kwanza. Chombo, hili gurudumu ni la kubeba nini?

Chombo_Tororo

Jerikeni za maji, dada. Nne, wakati mwingine na gunia juu.

DadaSpana_Lira

Basi jibu langu ni hapana kwa hilo la nyuma. Jerikeni nne za lita 20 ni kilo 80 kabla hujahesabu keria na gunia, na karibu zote zinakaa juu ya gurudumu la nyuma. Baiskeli hizi zilipewa spoku 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Ringi yako ya 32 ni ya mbele. Tafuta ringi ya matundu 40, hapo Tororo hazikosekani kwa wanaouza vyuma vya baiskeli, na habu yako itasukwa bila kuacha tundu.

Kwa baiskeli ya mtu mmoja na mzigo mdogo, habu ya 40 kwenye ringi ya 32 inakubali vizuri tu.

Mzee_wa_Habu

Nakubaliana na dada kuhusu mzigo, ila namna ya kusuka ielezwe, wengi wanaihitaji na wengi wanaisuka vibaya.

Kanuni ni moja: habu inaweza kuwa na matundu mengi kuliko ringi. Kinyume chake, habu ya 32 kwenye ringi ya 40, usijaribu. Matundu 8 ya ringi yatabaki wazi, na palipo wazi ringi haina anayeishikilia. Itajikunja hapo hapo kwenye shimo la kwanza la barabara. Lakini tundu likibaki wazi kwenye habu, ringi haijui. Spoku zake zote 32 ziko mahali pake kwa umbali ule ule.

Habu ya 40 ina matundu 20 kila flenji (ile sahani ya pembeni). Ringi ya 32 inataka 16 kila upande. Kwa hiyo unatumia matundu manne, unaacha la tano, unatumia manne, unaacha la tano, hadi umalize mzunguko. Utapata vikundi vinne vya spoku nne kila flenji. Tia alama ya rangi kwenye matundu yanayoachwa kabla ya kuanza, vinginevyo utapotea ukifika spoku ya kumi.

Upande wa pili watu ndipo wanapokosea. Matundu ya flenji ya kushoto hayatazamani na ya kulia, yapo katikati yake. Tundu la kuachwa kushoto liwe jirani kabisa na lile lililoachwa kulia. Usiseme utayapishanisha ili "nguvu igawanyike". Ukiyapishanisha, pembe za spoku za kushoto zinaharibika na hutapata urefu unaolingana.

KijanaKatwe

Mzee, na urefu? Nikitumia kikokotozi cha spoku cha kwenye simu kinanipa namba moja tu.

Mzee_wa_Habu

Kikokotozi kinadhani matundu ya habu yameachana sawasawa. Hapa hayajaachana sawasawa, kwa hiyo urefu ni wa aina mbili, na habari njema kwa mwenye spoku za mchanganyiko ni kwamba ni mbili tu.

Pima vitu vitatu. Kwanza kipenyo cha ringi pale nipeli (nati ndogo inayofunga spoku kwenye ringi) inapokaa: chukua spoku mbili mbovu lakini zilizonyooka, funga nipeli hadi ncha ya spoku ifike chini ya mfereji wa bisibisi, zipitishe kwenye matundu mawili yanayotazamana (kwa 32, hesabu 16), zivute zikaze, kisha jumlisha urefu wa spoku mbili na nafasi iliyobaki kati ya viwiko vyao (mkunjo ulio karibu na kichwa cha spoku). Pima sehemu mbili tofauti za ringi, maana ringi kuukuu si duara kamili. Pili, kipenyo cha mzunguko wa matundu ya flenji, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalotazamana. Tatu, umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi flenji. Katikati ya gurudumu ni katikati ya nati mbili za kufungia koni (vipande vya ekseli vinavyobana gololi). Flenji mbili hazihusiki na hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe: nusu kipenyo cha ringi kipeo cha pili, jumlisha nusu kipenyo cha flenji kipeo cha pili, jumlisha ule umbali wa tatu kipeo cha pili, toa 2 × nusu ya ringi × nusu ya flenji × kosaini ya pembe (kati ya tundu la habu na tundu la ringi, ukitazama kutoka katikati ya gurudumu). Tafuta kipeuo, halafu toa nusu ya tundu la habu, yaani milimita 1 na robo hivi.

Mfano kwa vipimo vya ringi 620, flenji 56, umbali 30. Msuko wa kukatisha tatu (kila spoku inakatiza tatu za upande wake) kwenye spoku 32 ungekuwa na pembe ya digrii 67.5. Kwa kuwa matundu yamebanana kwenye kila kikundi, pembe zinagawanyika hivi:

Kama spoku mbili za pembeni za kila kikundi zinainamia ndani, juu ya kikundi chao wenyewe: za pembeni ni digrii 60.75, karibu milimita 298. Mbili za katikati ni 69.75, karibu 302.

Kama za pembeni zinainamia nje, juu ya tundu lililoachwa: za pembeni ni digrii 74.25, karibu 304. Za katikati ni 65.25, karibu 300.

Kwa hiyo unahitaji 16 za urefu mmoja na 16 za mwingine, tofauti ya milimita 4. Tazama kwanza una nini mezani, ndipo uchague mwelekeo. Flenji ya kushoto itapishana na hesabu hii kwa milimita 1 hivi, nipeli inaimeza.

Ukipata ringi ya 40 kama dada anavyosema, msuko ni wa kukatisha nne, digrii 72, na kwa vipimo hivyo hivyo zote 40 ni milimita 303 hivi. Hapo hakuna hesabu ya vikundi.

Gololi_Mbale

Mimi nina habu ya 36 ya baiskeli ya gea na ringi ya 26 yenye matundu 32. Ni njia ile ile?

Mzee_wa_Habu

Ni ile ile, ila unaacha kila tundu la tisa: mawili kila flenji, yanayotazamana. Vikundi ni vya nane, kwa hiyo urefu unakuwa wa aina nne badala ya mbili. Kwa flenji ndogo ya milimita 45, kutoka fupi kabisa hadi ndefu kabisa ni milimita 5 hadi 6. Zinazopita kiasi ni zile zilizo jirani na tundu lililoachwa. Suka kwa urefu wa katikati kwanza, kisha badilisha zile zinazochungulia au zisizofika.

FundiRingi_Busia

Turudi kwenye zile spoku 70, maana hapo ndipo gurudumu linapofia.

Pima urefu kutoka ndani ya kiwiko hadi ncha. Piga msumari kwenye ubao, tundika kiwiko kwenye msumari, na chora mistari ya milimita pale ncha zinapoishia. Kazi ya kupanga spoku 70 inakwisha haraka. Unene upime kwa kalipa katikati ya spoku: geji 14 ni milimita 2.0, geji 13 ni 2.3. Usipime kwenye thredi, hapo zote zinaonekana nene.

Za kutupa: iliyoliwa na kutu kwenye kiwiko hata kama kwingine inang'aa, iliyovunjika mgongo katikati (ukiinyoosha itakatika hapo hapo), na yenye thredi zilizolala. Na ukikuta gurudumu la zamani lilikuwa na spoku tatu au nne zilizokatika kiwikoni, tupa familia nzima. Zilizobaki zimechoka sawa na zilizokufa.

Nipeli zisichanganywe. Spoku ya geji 13 haiingii kwenye nipeli ya 14, hilo utaliona mwenyewe. Hatari ni kinyume chake: spoku ya 14 kwenye nipeli ya 13 inaingia, inazunguka, unaona kama inakaza, halafu siku ya mzigo inachomoka kama msumari kwenye ndizi.

Unene tofauti kwenye gurudumu moja unaruhusiwa kwa masharti. Upande mmoja uwe wa unene mmoja. Nene ziende upande wa mnyororo. Ukizichanganya ovyo upande mmoja, nyembamba zinanyumbuka na nene hazinyumbuki, ringi ikibonyea nene ndizo zinazolegea kwanza, nipeli inajifungua.

KijanaKatwe

Kama zote ni ndefu? Huku Katwe kuna watu wa kukata thredi kwa dai (kifaa cha kuchonga thredi), unakata spoku na kuitia thredi mpya.

FundiRingi_Busia

Hapana ssebo (bwana). Thredi ya spoku haikatwi, inabinywa kwa roli. Waya wa 2.0 ukibinywa, thredi inavimba hadi kama 2.2 na nipeli imetengenezwa kwa unene huo. Dai linachonga chuma, kwa hiyo thredi inabaki ndani ya 2.0: inacheza kwenye nipeli, na mzizi wake ni mwembamba. Mwenye mashine ya roli sawa. Dai, kwa taa ya ukutani tu.

DadaSpana_Lira

Naongeza juu ya milimita. Spoku nzuri inaishia kati ya chini ya mfereji wa nipeli na juu yake. Ikipita hapo, thredi zinaisha kabla haijakaza na ncha inatoboa tyubu. Ikiwa fupi sana, nipeli inashikwa na thredi chache na shingo yake inakatika, kichwa unakikuta ndani ya taya. Ile ya chungulio la milimita 1 inaweza kusagwa kwa faili (tupa) kama bado inakaza. Ile fupi haina dawa.

Na kabla ya kusuka, fungua habu! Watu wanasuka siku nzima halafu wanagundua kikombe cha ndani (njia ya gololi) kimechimbika. Habu ya nyuma ya kawaida inachukua gololi 9 za robo inchi kila upande, ya mbele gololi 10 za 3/16. Usichanganye gololi mpya na za zamani upande mmoja, zile kubwa zitabeba peke yake. Pitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya koni: ikikwama, koni hiyo badilisha. Grisi nyingi, funga koni hadi ekseli izunguke bila kukwaruza na mchezo ubaki kidogo sana.

Chombo_Tororo

Asanteni sana. Nitatafuta ringi ya 40 kwa mzigo. Hii ya 32 nitaisuka kwa baiskeli nyingine, ya kwenda sokoni tu. Nimezipanga: ninazo 19 za 300 na 22 za 304 hadi 305, zote geji 14. Utaratibu wa kusuka?

Mzee_wa_Habu

Basi mwelekeo ni ule wa pili, za pembeni ziinamie juu ya tundu lililoachwa. Zile za 305 ziweke upande wa kushoto, na akiba unayo.

Chovya thredi kwenye mafuta ya injini kidogo kabla ya kufunga. Kisha:

1. Flenji ya kulia, ingiza spoku 8 kutoka nje kwenda ndani, tundu moja ndiyo moja hapana. Yaliyotiwa rangi hayahesabiwi, ruka kana kwamba hayapo. Ya kwanza iende tundu la ringi lililo jirani na tundu la valvu, zinazofuata kila tundu la nne. Nipeli mizunguko mitatu tu.
2. Geuza gurudumu, flenji ya kushoto 8 vivyo hivyo, kila moja ikitua kwenye tundu la ringi jirani na mwenzake wa kulia, upande ule ule kote.
3. Zungusha habu kwa mkono hadi spoku ziiname. Hapa hakikisha za pembeni za vikundi zinainama unavyotaka. Ukikosea ndipo urefu wote unakataa.
4. Zilizobaki zinaingia kutoka ndani kwenda nje. Kila moja inapita nje ya mbili za kwanza inazokatiza, na ndani ya ya tatu. Iguse ile ya tatu, huo mgusano una kazi.

Tundu la valvu libaki kati ya spoku mbili zinazoachana juu, si zinazokutana, la sivyo kichwa cha pampu hakipiti.

Na kama habu ina makovu ya spoku za zamani kwenye matundu, kiwiko kifuate kovu inapowezekana. Kwa kuacha matundu haitawezekana kila mahali. Kovu jipya likikatiza la zamani kwenye habu ya chuma si neno. Kwenye habu ya alumini ningeogopa.

Gololi_Mbale

Kukaza bila stendi?

FundiRingi_Busia

Pindua baiskeli, gurudumu kwenye fremu yake, funga kijiti kwenye mguu wa fremu kiguse karibu na ringi. Kaza nipeli zote hadi thredi zipotee, kisha nusu mzunguko zote, kisha robo robo. Anza na kupanda na kushuka kwa ringi, pembeni baadaye. Anayeanza na pembeni anarudia kazi mara mbili. Kila baada ya mizunguko miwili ya gurudumu, shika spoku mbili mbili zinazolingana na uzibane kwa kiganja kwa nguvu, pande zote. Utasikia zikilia tiki tiki, ni viwiko vinakaa na spoku zinajinyoosha. Usipozibana wewe, mzigo utazibana njiani na gurudumu litarudi limepinda.

Katikati ya fremu: toa gurudumu, ligeuze kulia kushoto, lirudishe. Kijiti kikibaki umbali ule ule, ringi iko katikati.

Kwa ringi ya chuma iliyotumika, milimita 1 kila upande inatosha. Ukitaka nusu milimita utaishia na spoku zenye mkazo tofauti, na huo ndio unaokata spoku.

Mkazo sikiliza kwa kupiga kila spoku kwa spana. Upande mmoja ulie sauti moja. Usilinganishe sauti ya geji 13 na ya 14: kwa mkazo ule ule nene inalia chini zaidi, utaikaza bure. Kwenye msuko huu wa kuacha matundu urefu unatofautiana milimita 4 tu, sauti haibadiliki.

Baada ya kupakia mzigo mara ya kwanza, rudi upime tena.

Chombo_Tororo

La mwisho: nati za ekseli zilizokuja na habu zimepotea. Nimepewa nyingine, zinaingia kwa kidole hadi mwisho lakini zinachezacheza.

DadaSpana_Lira

Ekseli yako ya nyuma bila shaka ni ya inchi 3/8, milimita 9.5. Nati uliyopewa ni ya milimita 10. Thredi zao zinakaribiana, 26 kwa inchi dhidi ya milimita 1, ndiyo maana inaonekana kuingia. Ukiikaza kwa spana itauma kidogo halafu itavua thredi za ekseli, na gurudumu litavutwa na mnyororo upande mmoja. Pima ekseli kwa kalipa, nenda na ekseli yenyewe dukani, nati sahihi inaingia kwa kidole bila kutikisika.